Kiraka na goroli kwenye bunduki za kushindilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu mpya anapofika uwanja wa shabaha na bunduki ya kushindilia (inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu) yenye mifereji, yaani michirizi ya kuzunguka iliyochongwa ndani ya mtutu. Wengi wanaouliza wanaishi Marekani, ambako mchezo huu una vilabu, mashindano na hata misimu yake ya uwindaji, kwa hiyo inchi zimetajwa pamoja na milimita. Humu "goroli" ni tufe la madini ya risasi, "kiraka" ni kipande cha kitambaa kinachoizunguka, na "mdeki" ni ufito wa kushindilia. Baruti ni nyeusi siku zote. Mtutu ni ule uliotengenezwa kwa kazi hii na kupimwa nguvu zake, si bomba.

## Misingi

Kiraka kinafanya kazi gani hasa?

Kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza kinashika mifereji. Goroli ni ndogo kuliko tundu la mtutu, na mambo yakienda sawa haiugusi mtutu hata kidogo. Kitambaa ndicho kinachobanwa na matuta ya ndani, kinazunguka nayo, na kuizungusha goroli. Pili kinaziba, moto wa baruti usipenye pembeni mwa goroli. Tatu kinabeba mafuta, nayo mafuta hulainisha masizi ya mlio uliotangulia ili goroli inayofuata iweze kushuka.

Kikishatoka mdomoni, kiraka hufunguka kwa upepo na kuanguka mita chache mbele, goroli ikaendelea peke yake. Hicho kilichoanguka kina habari nyingi sana. Tazama sehemu ya kusoma viraka.

Kwa nini goroli isitengenezwe iwe sawa na tundu, tukaachana na kitambaa?

Ilijaribiwa kwa muda mrefu. Goroli inayobana bila kitambaa inabidi igongwe kwa nguvu mpaka ifike chini: inapoteza umbo, inapaka risasi kwenye mifereji, na baada ya milio michache haishuki tena. Mafundi Wajerumani waliohamia Pennsylvania karne ya 18 walikuja na ujuzi wa bunduki fupi nene za wawindaji wa kwao, na kutoka kwenye karakana za Lancaster na vijiji vya jirani ikazaliwa bunduki ndefu ya Pennsylvania, yenye kaliba (upana wa tundu) ndogo na kisanduku cha shaba ya njano kitakoni. Wengi waliweka humo viraka vilivyokwisha kupakwa mafuta.

Jeshi la Uingereza nalo lilipoanza kutumia bunduki ya Baker mwaka 1800, askari walitumia goroli yenye kiraka, na mwanzoni waligawiwa nyundo ndogo za mbao za kuanzia kuisukuma. Ndiyo sababu majeshi hayakuwapa askari wote bunduki za mifereji: mwenye bunduki ya mtutu laini, usio na mifereji, aliweza kupiga mara tatu kwa dakika, mwenye mifereji pengine mara moja. Tatizo hilo la kasi lilitatuliwa na risasi ya Minié mwaka 1849, inayotanuka yenyewe inapopigwa. Wawindaji na walengaji shabaha waliendelea na kiraka, na wanaendelea nacho hadi leo.

Gobore la kijijini kwetu halitumii kiraka. Kwa nini?

Kwa sababu mtutu wake ni laini, hauna mifereji ya kushikwa. Bunduki zilizoingia bara kupitia Zanzibar karne ya 19 zilikuwa kwa sehemu kubwa za mtutu laini, na gobore limerithi utaratibu huohuo: baruti, kizibo cha kitambaa au nyuzi, kisha goroli au marisaa, kisha kizibo kingine cha kuzuia yasimwagike. Kizibo kinaziba tu. Hakizungushi kitu.

Goroli yenye kiraka inaweza kupigwa kwenye mtutu laini ulio mzuri, na kwa umbali mfupi inalenga vizuri kuliko iliyotupwa ndani hivihivi. Lakini majibu ya hapa yasichukuliwe kuwa mwongozo wa magobore yaliyoungwa kwa mabomba. Hakuna kiraka kinachoweza kumnusuru mtu mwenye mtutu usiojulikana nguvu zake. Tena Tanzania gobore ni silaha kamili, linahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mtutu wangu umeandikwa 1:66, wa mwenzangu 1:28. Tofauti ni nini?

Ni urefu ambao mifereji inautumia kukamilisha mzunguko mmoja. Wa kwako unazunguka mara moja katika inchi 66 (mita 1.68), wa mwenzako katika inchi 28 (sentimita 71). Goroli haihitaji kuzungushwa sana ili itulie hewani, kwa hiyo mzunguko wa polepole, 1:60 hadi 1:72, ndio unaoifaa. Mzunguko wa haraka umetengenezwa kwa risasi ndefu. Goroli itapigika humo kwa baruti kidogo, lakini ukiongeza baruti kiraka kinashindwa kufuata mifereji, kinaruka juu ya matuta, na shabaha inatawanyika. Wenye 1:48 wako katikati: wanaweza kutumia vyote viwili, ila wajaribu kwa subira.

## Vipimo

Goroli iwe ndogo kiasi gani kuliko tundu?

Anza na goroli iliyo ndogo kwa inchi 0.010 (milimita 0.25) na kiraka cha unene wa inchi 0.015 (milimita 0.38). Kwa kaliba .50, ambayo ni milimita 12.7, hiyo ni goroli ya .490. Inapima greni 177 hivi, sawa na gramu 11.5. Kwa .54 ni goroli ya .530, greni 225 hivi, kwa .45 ni .440, greni 128 hivi.

Ukijumlisha utaona kitambaa kinazidi nafasi iliyopo: pengo la kila upande ni inchi 0.005 tu, na kitambaa ni 0.015. Ndivyo inavyotakiwa. Juu ya matuta kitambaa kinabanwa mpaka kinajichora kwenye risasi laini, na ndani ya mifereji kinajaa. Nguo iliyolingana na pengo kavukavu haizibi mifereji, moto unapita.

Nichague goroli kubwa na kiraka chembamba, au ndogo na kiraka kinene?

Kwenye karatasi ya shabaha, mara nyingi mbano mkubwa hushinda: goroli ya .495 na kitambaa cha 0.015 hadi 0.018, na kisukumio kifupi cha kuianzisha mdomoni. Porini mwindaji anataka kushindilia mara ya pili haraka, mikono ikiwa baridi, kwa mdeki wa mbao uliomo chini ya mtutu, huyo .490 inamfaa. Mimi ningeanza na kitambaa kinene kwenye goroli ndogo, kwa sababu kitambaa kinavumilia kosa kuliko risasi.

Unene wa kitambaa unapimwaje?

Kwa kalipa au maikromita, ukiibana mpaka kitambaa kikome kulegea. Ukipima bila kubana, kitambaa kilekile kitakupa namba tatu tofauti. Pima baada ya kukifua, maana pamba hujikunja na kuongezeka unene. Na usiamini kilichoandikwa kwenye pakiti.

Naweza kutumia goroli za chuma, au risasi ya vizito vya magurudumu ya gari?

Za chuma, hapana kabisa. Hazibonyei, na zinaweza kuharibu mtutu kwa dakika moja. Vizito vya magurudumu vina antimoni inayofanya risasi iwe ngumu: nyuzi za kitambaa hazijichori juu yake, kushindilia kunakuwa mieleka, na goroli inatoka kwenye kalibu (chombo cha kusubia) ikiwa kubwa kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Tafuta risasi safi iliyo laini, ile inayokwaruzika kwa ukucha.

Kama unasubu mwenyewe, fanya hivyo nje penye upepo, mbali na watoto na vyombo vya kulia. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji likiingia kwenye sufuria yake hugeuka mvuke papo hapo na kurusha risasi iliyoyeyuka usoni.

## Kitambaa na mafuta

Kitambaa gani kinafaa?

Pamba tupu au kitani, kilichofumwa kwa kubana. Kinachosifiwa kuliko vyote ni kile cha mistari cha kushonea magodoro na mito, kwa sababu kilifumwa ili manyoya yasipenye, na kisichopenyeka kwa unyoya kinachelewa kupenywa na moto. Dril ya sare ni nzuri pia. Jinzi isiyonyumbuka inafaa pale pengo ni kubwa. Merikani nzito inaweza kutosha kwa goroli inayobana sana. Kanga ni nyepesi mno, inaungua.

Hofu kubwa ni nyuzi za plastiki zilizochanganywa, ambazo huyeyuka na kugandamana ndani ya mtutu. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi yanayopotea ukiyasugua. Plastiki inajikunja, inanuka, na kuacha kishanga kigumu cheusi. Fanya jaribio hili hata kama muuzaji ameapa. Vitenge vingi vya siku hizi, pamoja na jinzi za kunyumbuka, havipiti.

Halafu kifue mara mbili kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke. Usikitie dawa ya kulainisha nguo.

Kiraka kiwe duara au mraba?

Goroli haijali. Mraba uliokatwa vizuri unapiga sawa na duara, mradi goroli ikae katikati na kitambaa kiizunguke yote pande zote. Duara linarahisisha kuona katikati. Kipenyo cha karibu mara mbili na nusu ya goroli kinatosha.

Njia ya zamani, ambayo naiona bora kwa mtu mvumilivu, ni kukata mdomoni: weka ukanda wa kitambaa juu ya mtutu, sukuma goroli mpaka iwe usawa na mdomo, kusanya kitambaa kilichobaki juu kwa vidole, ukate kwa kisu chenye makali sambamba na mdomo bila kuugusa. Kiraka kinakuwa katikati kila mara, bila kubahatisha.

Nikipake nini?

Kwa shabaha ya mfululizo, mate yanatosha, na yametosha kwa vizazi. Yanalainisha masizi vizuri kuliko vitu vingi vinavyouzwa. Kwa bunduki itakayokaa imeshindiliwa kwa saa kadhaa, mate yanakauka au yanalowesha baruti, kwa hiyo tumia mafuta mazito: shahamu ya kondoo au ng'ombe isiyo na chumvi, peke yake au iliyochanganywa na nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya zeituni yanafaa pia, ila kwenye joto yanapenya upesi hadi kwenye baruti.

Mafuta ya injini na grisi ya magari yaache. Yakiungua pamoja na baruti nyeusi huacha utando mgumu kama lami. Chumvi nayo huleta kutu, ndiyo maana siagi ya mezani haina nafasi hapa.

Kiraka kiwe na unyevu, kisiwe kinachuruzika. Ukikibana kwa vidole viwili na mafuta yakatoka, yamezidi.

## Kushindilia

Nianzie wapi, niishie wapi?

Mdomo wa mtutu uelekee juu, mbali na uso wako na wa mwingine. Tumbukiza mdeki kwanza, hata kama unaamini bunduki ni tupu. Mdeki unapaswa kuwa na alama mbili ulizochora mwenyewe: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa. Alama ya kwanza ikilingana na mdomo, endelea.

Futa mafuta ya kuhifadhia kwa kitambaa kikavu. Kwa bunduki ya fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti), piga fataki moja au mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi. Kwa gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, chomeka sindano ya kusafishia kwenye tundu la moto.

Mimina baruti kwenye kipimo, halafu kutoka kwenye kipimo uimimine mtutuni. Gonga mtutu kidogo kwa kiganja ili itulie. Weka kiraka juu ya mdomo, goroli juu yake, kovu la kalibu likiangalia juu. Bonyeza kwa kisukumio kifupi mpaka ishuke, kisha endelea kwa mdeki, ukiushika karibu na mdomo na kuusukuma kiasi cha shubiri moja moja. Anayeushika juu kabisa na kusukuma kwa uzito wa mwili anaukunja, na mdeki wa mbao ukivunjika hupasuka mshazari na kuchoma mkono. Ukihisi goroli imekaa juu ya baruti, bonyeza kwa uthabiti, angalia alama ya pili, toa mdeki.

Fataki, au baruti ya kisahani (ile ya kuwashia iliyo nje ya mtutu wa gumegume), huwekwa mwisho, ukiwa umeshaikabili shabaha. Si kabla.

Kwa nini nisimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya baruti?

Kwa sababu cheche moja iliyobaki mtutuni inatosha. Ikishika kwenye kipimo, utaungua vidole. Ikishika kwenye pembe, umeshika bomu.

Baruti kiasi gani, na ya aina gani?

Herufi F zikiongezeka, punje za baruti huwa ndogo zaidi. Kwa .50 na kwenda juu wengi hutumia FFg; kwa .45 na chini, FFFg, ambayo ni laini zaidi. FFFFg ni ya kisahani cha gumegume tu. Kanuni ya kuanzia kwenye shabaha ni greni sawa na kaliba: greni 50 (gramu 3.2) kwa .50. Panda greni 5 kila hatua, uone karatasi inasemaje, na usivuke kikomo cha mtengenezaji wa mtutu. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isiingie humo hata punje, inapasua mtutu.

Goroli ikiacha pengo juu ya baruti, kuna ubaya gani?

Ubaya mkubwa. Msukumo unaokuta goroli imesimama mbali na baruti unaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Ndiyo kazi ya ile alama ya mdeki. Alama isipolingana, usipige. Tazama jibu la goroli iliyokwama.

Nisafishe kila baada ya mlio?

Kwenye shabaha, ndiyo: kitambaa chenye unyevu, kiende chini mara moja na kurudi, kisha kikavu. Kikilowa sana kitasukuma matope ya masizi hadi kwenye njia ya moto. Mwindaji hana nafasi hiyo, naye ndiye anayehitaji kiraka chenye mafuta mazuri. Jioni ni maji ya moto na sabuni kwa kila mtu, kukausha, kisha mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa, na kutu huanza usiku uleule.

## Kusoma viraka

Viraka vilivyopigwa navipata wapi, nitafute nini?

Tembea mita 5 hadi 15 mbele ya mdomo, uwanja ukishafungwa. Okota vitano au sita, uvitandaze kwenye meza kwa mpangilio uliovipiga.

Kiraka kizuri kina doa safi katikati, pale goroli ilipokalia. Kuzunguka doa kuna pete nyeusi ya masizi yenye alama za matuta zilizopangika kwa usawa. Na kingo zimechakaa kidogo, zina nyuzinyuzi. Unaweza karibu kukitumia tena. Vikifanana vyote, na karatasi ikaonyesha matundu yaliyokusanyika, usibadilishe kitu.

Kimeungua au kina matundu katikati. Mbano ni mdogo, mafuta hayatoshi, au kitambaa ni dhaifu. Badilisha kimoja kwa wakati: kwanza mafuta, halafu unene. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichokuponya.

Kimekatika kwa mistari kwenye pete. Matuta yana makali, au ukingo wa mdomo unakata kitambaa wakati wa kushindilia. Kujua ni kipi, shindilia goroli yenye kiraka bila baruti umbali wa vidole vinne tu, uing'oe kwa parafujo ya mdeki. Kikitoka kimekatwa, kosa ni la mdomo: msasa laini juu ya ncha ya kidole gumba, ukizungushwa taratibu mdomoni, hulainisha ukingo. Kikitoka kizima, makali yako ndani, na mtutu mpya wa namna hiyo hulainika wenyewe kadiri unavyopigwa.

Kimechanika vipandevipande. Kitambaa kimeoza. Viraka vilivyokaa na mafuta kwenye kopo kwa miezi mingi hupoteza nguvu. Vuta kimoja kwa mikono. Kikichanika kirahisi, tupa vyote.

## Mambo yanapokwenda kombo

Nimeshindilia goroli nikasahau baruti.

Humpata kila mtu anayezungumza huku anashindilia. Usiweke fataki. Njia safi ni chupa ndogo ya gesi ya kaboni dioksidi inayosukuma goroli itoke, mdomo ukiwa umeelekezwa kwenye udongo. Bila hiyo, fungua chuchu ya fataki (pale fataki inapokaa), ingiza punje chache za baruti nyuma ya goroli, rudisha chuchu, na *kabla ya kupiga* shindilia goroli tena mpaka chini ili kusiwe na pengo. Parafujo ya kung'olea ni ya mwisho, nayo itumike tu ukiwa na hakika hakuna baruti ndani. Kama una shaka, mimina maji kwanza.

Goroli imekwama katikati ya mtutu.

Isipigwe ili itoke. Mimina maji au mafuta kidogo kutoka juu, ngoja, kisha jaribu kuishusha kwa mdeki wa chuma au wa shaba ya njano. Ikishuka hadi chini juu ya baruti iliyolowa, ing'oe. Sababu karibu kila mara ni masizi. Rudi kwenye swali la kusafisha.

Fataki imelia, bunduki haikulia.

Endelea kuielekeza kwenye shabaha kwa dakika nzima. Baruti inaweza kuwa inafuka. Baada ya hapo safisha njia ya moto, weka fataki nyingine. Usichungulie mdomoni wala usipulize.

Nimetoka kuwinda bila kupiga. Naingia nayo nyumbani vipi?

Pennsylvania ina msimu wa kulungu wa gumegume peke yake baada ya Krismasi, na swali hili huja kila mwaka. Njia rahisi ni kuipiga kwenye udongo laini, mahali panaporuhusiwa, kabla ya kuondoka porini, kisha kuisafisha. Wengine huondoa fataki au baruti ya kisahani tu na kuiacha imeshindiliwa hadi kesho. Sheria za kusafirisha bunduki ya hali hiyo ndani ya gari hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo soma za kwako kabla ya msimu kuanza. Ukiiacha imeshindiliwa, isiingie chumba chenye joto, maana chuma baridi hutoa jasho ndani na baruti inalowa. Ifungiwe penye baridi, isifikiwe na mtoto, na ifungwe kikaratasi kwenye kifyatulio kinachosema kuna goroli ndani.